Safu Niliyoifuta

Sehemu ya nne

Mkinikuta barabarani siku hizi msinisimamishe kuniuliza habari za miwa. Siwezi kusimama. Tangu Jumanne ile miguu yangu imekataa kutulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka natafuta pa kukaa. Hata haya naandika nikiwa nimeegemea kabati.

Aliyekosa yaliyotangulia nitamwambia mbio mbio.

Mimi ni Gentrix, binti wa marehemu mzee Andati, nyumba ya pili. Nafanya kazi mjini Kakamega, katika ofisi ya chama cha wakulima wa miwa. Niliajiriwa kupiga taipu. Kompyuta zilipoletwa nikatumwa kozi ya miezi mitatu Kisumu, na niliporudi nikawa ndiye mtengenezaji wa kurasa za chama kwenye mtandao. Kila juma naweka orodha ya zamu: shamba la nani litakatwa miwa siku gani.

Mwaka huu wa tisini na tisa wafadhili wakatuletea vikompyuta vinne vya mkononi, vya wasimamizi wa mashambani. Asubuhi msimamizi anakiweka kikompyuta chake kwenye kitako kando ya kompyuta kubwa, kinavuta ukurasa wa zamu, kisha anakitia mfukoni na kuondoka nacho. Watu wetu wakakiita kadude.

Taabu ilikuwa moja. Ukurasa wangu ulikuwa na safu kumi na moja, na kioo cha kadude hakizidi kiganja cha mtoto. Msimamizi ilibidi ausukume ukurasa kushoto na kulia kwa kijiti. Akifika kwenye siku, amesahau jina. Akilirudia jina, siku imepotea.

Nikaambiwa niupunguze. Nikabakisha safu nne: jina, namba ya shamba, siku na tani. Saba nikazifuta. Mojawapo ilikuwa safu ya nyumba, ile inayoonyesha kama shamba ni la mke wa kwanza au la mke wa pili.

Ardhi ya baba haijagawanywa kwenye karatasi mpaka leo. Namba ni moja, 114. Jina ni moja, Andati, mtu aliyekufa mwaka wa themanini na tisa. Jumanne zamu ilikuwa ya nyumba ya kwanza, ya mama mkubwa Pascalia. Wakataji wakaingia 114, wakakata miwa ya nyumba ya pili, ya mama yangu mzazi, Navalayo.

Hapo ndipo tulipoachia.

Jumatano asubuhi maneja wetu, Bwana Osiako, aliingia ofisini hata kofia ya pikipiki hajaivua.

"Gentrix, rudisha hiyo safu. Saa hii. Usinywe hata chai."

Nilikuwa nimeshaanza. Nikaifungua orodha, nikaiingiza safu ya nyumba mahali pake, nikaanza kuijaza. Nikafika kwa baba. Andati, 114, nyumba ya... Nikagonga moja.

"Kumbe hivi ndio mnafanyanga."

Niligeuka nusura nianguke na kiti. Nyuma yangu alisimama Shitanda, kifungua mimba wa mama mkubwa, buti zake zimejaa udongo mwekundu. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye kompyuta.

"Mulembe, kaka," nikamsalimu. "Hebu nikueleze."

"Mulembe ya nini? Nimekuona na macho yangu. Jana ilikuwa mbili, leo unaandika moja."

"Jana hapakuwa na kitu hapo! Niliifuta safu nzima!"

"Na leo imeota?"

Nikamtazama Bwana Osiako anisaidie. Bwana Osiako akakumbuka ana simu ya kupiga, akaingia kwake na kufunga mlango. Mnaofanya kazi za ofisi mnawajua watu wa aina hii.

"Kaka, sikukusudia."

"Miwa yetu iko na miezi ishirini na sita," Shitanda akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Imetoa maua, inakauka ikiwa imesimama. Jumatatu kiwanda kinafungwa miezi miwili, watengeneze mashine zao. Ya mama yako ilikuwa na miezi kumi na nane, na ndiyo imeenda. Sisi tulikuwa matanga Iguhu, tunazika mjomba. Upande wetu wa boma hapakuwa na mtu. Mama yako akaona wakataji wakiingia. Unajua alifanya nini?"

Sikujua.

"Aliwapelekea maji ya kunywa."

Karani mwenzangu aliyekuwa akipiga mihuri aliacha kupiga.

"Jumamosi saa nane kuna kikao nyumbani," akaendelea. "Mama amesema hivi. Kama ulikosea, umekosea, mtoto hukosanga. Lakini akijua ulifanya kusudi, usimwite mama tena. Hata siku ya kumzika, ukae kwa barabara na watu wa kupita."

Akaondoka. Udongo wa buti zake ukabaki sakafuni, nami nikaufagia mwenyewe.

Wasomaji, mtanielewa tu mkijua huyu mama mkubwa ni nani kwangu. Mama yangu aliugua baada ya kunizaa, akalazwa miezi minne. Mama mkubwa alikuwa amejifungua Dorothy, kitinda mimba wake, majuma sita kabla. Wakati huo yeye na mama yangu walikuwa hawasalimiani hata wakikutana kisimani. Lakini alikuja nyumba ya pili, akanichukua kitandani, akaenda nami kwake. Dorothy ziwa la kushoto, mimi la kulia. Mpaka leo nikifika nyumbani mlango wa kwanza kuusukuma ni wake. Huyo ndiye anataka kunikataza neno "mama". Nililia chooni pale ofisini mpaka mtu akagonga.

Halafu, nikiwa bado naosha uso, nikakumbuka kadude.

Ukurasa wa kwenye kompyuta kubwa nilikuwa nimeshaurekebisha. Yule wa zamani, wa safu nne, ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya kadude ka Osundwa, msimamizi aliyewapeleka wakataji. Ningemwonyesha mama mkubwa ukurasa ule, angeona sikuandika moja wala mbili. Sikuandika chochote. Ni ujinga, lakini ujinga si uadui.

Ila Osundwa akikaweka kadude kwenye kitako, katavuta ukurasa mpya na wa zamani utapotea. Nikakimbia chumba cha wasimamizi. Vitako vinne, vikompyuta vitatu.

"Osundwa yuko wapi?"

"Hajaonekana tangu jana. Amesikia anatafutwa na watu wa Andati."

Alhamisi nilimtafuta. Ijumaa nikaomba ruhusa ya kwenda kwa daktari, nikamtafuta tena. Kwake nikaambiwa ameenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa nikaambiwa amepona. Jumamosi asubuhi shemeji yake mmoja akanihurumia, akaninong'oneza: Khayega, kwenye kinu cha kusaga mahindi.

Baiskeli ya boda boda ikanifikisha Khayega saa nne. Kinu kilikuwa kinanguruma, foleni ya kina mama na madebe yao imefika nje. Osundwa alikuwa ndani, mweupe wa unga kuanzia nywele mpaka viatu, akishika mfuko kwenye mdomo wa mashine. Aliponiona akatafuta mlango wa nyuma. Hapakuwa na mlango wa nyuma.

"Mimi nilisoma vile uliandika!" akapiga kelele juu ya ngurumo.

"Najua! Sikuja kukushtaki!"

"Nini?"

"Nimesema sikuja kukushtaki! Nataka kadude!"

"Nilifika nikaona mashamba mawili! Nikaangalia kioo, Andati, 114! Nikaangalia tena, Andati, 114! Mimi ni mtu wa Iguhu, nitajuaje mzee wenu alikuwa na wanawake wawili?"

Neno la mwisho aliposema, mwenye kinu alikuwa ameshazima mashine ili amwage unga. Foleni nzima ikasikia. Mama mmoja akatikisa kichwa, akaniambia pole.

Tukatoka nje. Osundwa akajikung'uta, akatoa kadude kutoka mfuko wa ndani wa koti, kamefungwa kwa leso. Alikuwa akikatunza, maskini.

"Na dada, nikwambie ukweli," akasema kwa upole. "Ukurasa ulikuwa mzuri. Tangu watupe hii kitu, ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma bila kusukumasukuma. Herufi kubwa, jua likiwa kali bado naona. Ulijua namna gani?"

Nilijua kwa sababu nilikwenda. Kabla ya kuufupisha ukurasa nilimfuata Osundwa mashambani siku mbili. Nikaona anashika kadude kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia una kipimo. Nikaona anakinga kioo kwa kofia. Nikaona picha ya mwenyekiti wa chama, niliyoiweka juu ya ukurasa kwa heshima, imejaza kioo chote, na mkulima anasubiri mwenyekiti ateremke ndipo zamu yake ionekane. Nikamwondoa mwenyekiti. Nikaondoa mapambo. Nikasema huyu aliyesimama kwenye jua apewe anachohitaji tu, kimfuate macho, asikitafute. Nilijivunia ukurasa ule kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu. Haya niliyaeleza juma la pili, wala sitayarudia, yananiuma.

"Washa," nikamwambia.

Akawasha. Ukurasa ukaja, wa kijivu, umefifia. Juu yake kukatokea alama ya betri yenye mstari.

"Hii inakufa," Osundwa akasema. "Na ikikufa kabisa inasahau kila kitu. Tuliambiwa siku ya mafunzo."

"Zima! Zima haraka!"

Akazima.

"Betri zake ni zile nyembamba mbili," akasema. "Lakini ukitoa zilizoko, dakika moja tu, kila kitu kimeenda. Lazima uingize moja moja, mbio."

Nikaingia duka la kwanza. "Betri nyembamba?" Mwenye duka akaniwekea mezani betri za redio, nene kama gunzi la mahindi. Duka la pili, betri za tochi. La tatu, mwenye duka alizitazama zile nilizoonyesha kwa vidole, akacheka. "Hizo za mtoto hatuuzi." La nne walikuwa na mishumaa. Khayega nzima hakuna betri nyembamba, na saa yangu inasema saa tano na nusu.

"Nipe hivyo hivyo," nikamwambia Osundwa. "Nitaiwasha mara moja tu, mbele yao."

"Nimeisainia hii kitu, dada. Ikipotea ni mimi."

Nikatoa kitambulisho changu, nikamwekea mkononi.

"Basi twende wote, ueleze mwenyewe."

"Mimi?" Akarudi nyuma hatua mbili. "Kikao cha nyumba mbili? Chukua. Chukua na leso."

Mjini Kakamega nako nilipita maduka mawili, nikaambiwa nirudi Jumanne. Sikuwa na Jumanne. Trekta moja ya miwa ilikuwa inarudi tupu upande wa kwetu, nikapanda na wapakiaji, nimekumbatia kile kileso kifuani. Kila shimo la barabara nilihisi kadude kanajiwasha kenyewe. Mpakiaji mmoja akaniuliza nimebeba mayai?

Nilifika saa nane kasorobo. Nikaona kwanza shamba la mama yangu, limebaki visiki na majani makavu. Kando yake, miwa ya mama mkubwa imesimama upande wa juu wa barabara, maua yake meupe yakipepea. Ilikuwa nzuri kutazama, na ndiyo maana ilinichoma. Nikageuza uso, nikatembea.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mama mkubwa. Vitambaa vya kufuma vilikuwa vimeondolewa kwenye viti, na hakuna aliyeletewa chai. Nyumba ile mtu hata akija kuuliza njia hupewa chai. Wazee wawili wa ukoo walikaa dirishani. Shitanda alisimama. Mama yangu alikaa karibu na mlango, mikono mapajani, kama mgeni. Nilipopita aliniambia polepole, "Umekula?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula.

Mama mkubwa Pascalia alikuwa kwenye kiti cha baba. Sikuusukuma mlango wake siku hiyo, nilibisha.

"Karibu," akasema. Ndilo neno pekee alilonipa.

Shitanda akaanza. Akasimulia aliyoyaona ofisini, jinsi nilivyogonga moja nikidhani niko peke yangu. Kila alichosema kilikuwa kweli, na vyote vikijumlishwa vilikuwa uongo. Wazee wakanitazama.

"Una jibu?" mmoja akauliza.

Nikafungua leso. "Huu ndio ukurasa Osundwa aliousoma Jumanne. Betri imekwisha, nitauwasha mara moja tu. Shitanda ausome mwenyewe, nisije nikasemwa nimeusoma nipendavyo."

Nikawasha. Roho yangu yote ilikuwa kwenye kile kidole. Kioo kikabaki kimya, halafu herufi zikaja taratibu, hafifu sana. Shitanda akakichukua, akaenda dirishani, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Andati," akasoma. "114. Jumanne. Tani arobaini."

"Nyumba?" mzee akauliza.

"Hakuna."

"Angalia vizuri. Pengine iko kando."

Shitanda akaburuta kijiti kushoto, akaburuta kulia. "Haiendi kando. Inaishia hapo." Akanitazama mara ya kwanza tangu Jumatano. "Kwa wote haipo. Wekesa hana, huyu mwingine hana. Hakuna mtu ako na nyumba hapa."

"Niliutengeneza usiende kando," nikasema. "Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe."

Akafungua mdomo kusema kitu, na kioo kikazimika mkononi mwake. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kadude kalikuwa kamekufa na kila kilichokuwa ndani.

"Lakini nimeona," akasema taratibu. "Mama, hakuandika mbili. Nimemsingizia."

Nilitaka kucheka, nilitaka kuketi chini sakafuni. Siku nne! Kwa dakika hiyo moja miguu yangu ikatulia. Mzee mmoja akasema basi, ni makosa ya kazi, tuombe tuachane. Mwingine akaanza kuvua kofia kwa ajili ya sala.

"Ngojeni," mama mkubwa akasema.

Kofia ikarudi kichwani.

"Gentrix, mwanangu." Neno lile lilinipita mwilini kama maji ya moto. "Mimi sikusoma. Nieleze polepole. Zamani hapo kulikuwa na vitu vingapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Ukaacha?"

"Vinne."

"Tani ukaacha."

"Ndiyo."

"Tani ni ya nini kwa huyo anakata? Si anakatanga mpaka shamba liishe?"

Nikaikunja ile leso mara mbili.

"Nyumba ukatoa," akasema. "Wewe. Umezaliwa nyumba ya pili, umenyonya nyumba ya kwanza. Hakuna mtu kwa hiyo ofisi yenu anajua kama wewe vile baba yenu aliachia watu wawili jina moja. Ukaangalia vitu kumi na moja, ukaona hicho ndicho hakina kazi?"

Nje kuku walikuwa wakiparuza.

"Naamini hukuandika uongo," akasema. "Sasa naulizia kitu kingine. Hiyo ya nyumba, ni wewe uliona itoke, ama kuna mtu alikuonyesha?"

Wasomaji wangu, nimewaandikia majuma matatu, na nimewaficha jambo moja majuma matatu yote. Mnisamehe au msinisamehe, mtajua wenyewe.

Jumapili kabla ya ile Jumanne, nilikuja nyumbani na ukurasa umechapwa kwenye karatasi. Nilikuwa nimeshaamua sita za kufuta. Ya saba nilitaka iwe tani, kwa sababu ile ile aliyoitaja mama mkubwa. Mama yangu alikuwa anachambua mboga. Nikamweleza kazi yangu, kwa majivuno kidogo, kama mtu anavyomweleza mama yake. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua karatasi. Yeye kusoma anajua, alifika darasa la saba. Akaitazama kwa muda. Akaniomba penseli. Akapiga mstari mmoja, juu mpaka chini, kwenye safu ya nyumba.

"Hii ya nini?" akasema. "Si kila mtu anajua nyumba yake?"

Nikacheka. Nikasema kweli, mama. Nikaifuta.

Nawaapia sikushuku kitu siku ile. Nilianza kushuku Jumatano, Shitanda aliposema maji. Tangu hapo sijamuuliza. Ninaogopa atakachojibu kuliko nilivyowahi kuogopa chochote. Mwanamke aliyekaa miaka yote hiyo akikatiwa miwa baada ya mwenzake, akazikiwa mume nyuma ya nyumba ya mwenzake, ana mambo moyoni ambayo mimi mtoto sikuyaona. Ninampenda. Nilimkasirikia pia, pale pale, mpaka masikio yakavuma.

Nikamtazama. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Hakuna mtu, mama," nikamwambia mama mkubwa. "Niliona mimi peke yangu."

Mama mkubwa akanitazama sana. Kisha akainuka kutoka kiti cha baba, akajifunga kitambaa kichwani upya.

"Vizuri. Twende ukamwambie baba yako hivyo."

Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba ile, limejengwa kwa saruji, lina msalaba na jina. Sisi ni watu wa kanisa, Jumapili hatukosi. Lakini mahali pale hakuna mtu wa boma letu anayesema uongo. Hata walevi wakifika pale hunyamaza. Kuna binamu yetu aliyewahi kuapa pale juu ya ng'ombe, na yaliyomkuta hatuyasimulii watoto wakiwepo.

Wazee wakasimama. Shitanda akasema, "Mama, yaishe." Hakusikilizwa.

Nikainuka. Miguu iliyonikimbiza Khayega na kurudi, sasa niliibeba mmoja mmoja. Nilijiambia ni maneno manne tu. Nitayasema, nitarudi, nitaoga, yatapita. Nikafika mlangoni, jua likanipiga usoni, nikainua mguu kuvuka kizingiti.

Mkono ukanishika.

Ulikuwa umelowa jasho na ulinishika kwa nguvu ambayo sikujua mama yangu bado anayo. Hakuwa ameinuka vizuri kwenye kiti, nusu amekaa, nusu amepiga goti.

"Usiende," akasema.

Shitanda aligeuka. Wazee wakageuka. Mama yangu hakumtazama yeyote. Alinitazama mimi.

"Gentrix, nakuomba. Wewe usiende."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mama mkubwa alikuwa ameshafika uani. Akasimama. Akarudi polepole mpaka mlangoni, na mara hii hakuniangalia mimi kabisa.

"Navalayo," akasema, "mwachilie mtoto. Twende sisi wawili."

Mama yangu hakuniachilia. Ikabidi mama mkubwa ainame, aubandue mkono ule kutoka kwenye wangu, kidole kimoja kimoja.